Herufi Saba Mkononi

Kamusi imepangwa kwa ajili ya mtu ambaye neno analo tayari. Anajua linaanzaje, anafungua penye herufi hiyo, anashuka na safu hadi alikute, kisha anasoma maana yake. Mchezaji wa Scrabble ana shida ya aina nyingine kabisa. Neno hana. Alicho nacho ni herufi saba zilizotoka mfukoni bila mpangilio, ubao wenye visanduku 225 ambao nusu yake imeshajaa, na saa inayokimbia. Katika mashindano kila mchezaji hupewa dakika 25 kwa mchezo mzima. Anachotaka kujua ni hiki: katika Kiingereza chote, ni maneno gani yanaweza kutoka kwenye hizi nilizoshika? Lipi lina Q bila U? Lipi linaishia na I, ili nilipachike pale pembeni?

Huku kwetu swali hilo limezoeleka kuachiwa watu wa aina fulani: waliosoma shule za gharama, au walioongea Kiingereza nyumbani tangu utotoni. Ukitoa ubao wa Scrabble kwenye kikao cha watu wazima, utasikia mtu akijitoa mapema, kwamba Kiingereza chake si cha kufika huko. Nashikilia kwamba mtu huyo anajinyima bure. Mchezo huu ni wa yule anayekaa na herufi na kuzisoma, awe amezaliwa Leeds au Lindi, na ushahidi wa jambo hilo upo wazi kwenye orodha ya mabingwa wa dunia.

Tuanze na ulikotoka, maana ulizaliwa kwa kuhesabu. Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyezaliwa Poughkeepsie mwaka 1899, alipoteza kazi mwaka 1931 wakati uchumi wa dunia umeanguka. Akiwa hana ofisi ya kwenda, akaamua kubuni mchezo. Alichukua kurasa za mbele za magazeti, The New York Times likiwamo, akaanza kuhesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwongoza kuipa E vigae 12, A na I tisa tisa, O vinane, na kuziachia Q, Z, J, X na K kimoja kimoja. Herufi adimu akazipandisha bei: Q na Z pointi kumi, J na X nane. S aliibana kwa makusudi, vigae vinne tu, kwa kuwa nomino nyingi za Kiingereza hupokea S mwishoni, na herufi hiyo ikizagaa mchezo unakuwa mwepesi mno. Jumla ni vigae 100, viwili kati yake vikiwa vitupu, vya kusimamia herufi yoyote unayotaka. Mwaka 1948 James Brunot aliuchukua mchezo huo na kuupa jina tunalolijua, Scrabble.

Kuhesabu herufi hakukuanza na Butts. Katika karne ya 9 mwanazuoni al-Kindi wa Baghdad alishaeleza kwa maandishi jinsi ya kuvunja maandiko ya siri kwa kuangalia alama ipi inarudi mara nyingi zaidi, kisha kuilinganisha na herufi inayotumika zaidi katika lugha ile. Mchezaji wa mashindano leo anatembea njia hiyo hiyo. Kwenye karatasi yake ameandika herufi zote 100, na kila inapowekwa moja ubaoni anaikata. Mfuko ukiisha, zilizobaki bila kukatwa, ukitoa zake mwenyewe, ni zile alizoshika mpinzani. Hapo mchezo umekuwa hesabu tupu, na lafudhi ya mtu haina kazi.

Sasa tuje kwenye kutafuta kwenyewe. Njia kuu ni rahisi kuielewa kwa mfano wa nyumbani. Chukua neno *imani*, uzipange herufi zake kwa alfabeti: A, I, I, M, N. Fanya hivyo kwa *amini*, unapata A, I, I, M, N. Fanya kwa *maini* yanayouzwa buchani, unapata zile zile. Maneno matatu, fungu moja. Kompyuta ikitaka kukutafutia maneno hufanya hivyo hivyo: kila neno kwenye orodha yake limewekewa herufi zake zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, na ukiiletea zako inazipanga, inakwenda moja kwa moja kwenye fungu hilo, na kukupa yote yaliyomo. Ukiandika LISTEN, inapanga E, I, L, N, S, T na kukuletea pia SILENT, ENLIST, INLETS na TINSEL.

Wachezaji wakubwa wameihamisha kazi hiyo kichwani. Hawasomi kamusi kuanzia A hadi Z. Wanasoma mafungu: wanaonyeshwa herufi zilizopangwa kwa alfabeti na kutakiwa kutaja maneno yote yanayotokana nazo, jioni baada ya jioni, mpaka jibu linatoka lenyewe. Fungu mashuhuri ni A, E, I, N, R, S, T. Ndani yake mna RETAINS, RETINAS, NASTIER, STAINER, ANTSIER na STEARIN, na si hayo tu. Herufi zote hizo ni za pointi moja moja, kwa hiyo neno lenyewe lina thamani ya pointi saba. Lakini anayeweka vigae vyake vyote saba kwa mpigo huongezewa 50. Ndiyo sababu mchezaji aliyeiva hukubali kuweka neno dogo la pointi 12, akaacha la 20, ili kwenye kile kibao chake abaki na A, E, R, T na S, akijua mkono unaofuata unaweza kumletea kinachokosekana.

Kwa anayeanza, jicho lifundishwe kuona vipande. Herufi I, N na G zikiwapo, zitenge kulia. E na R vilevile, E na D, L na Y. R na E zinaweza kwenda mbele, au U na N, au O, U na T. Zikishatengwa, zilizobaki ni nne au tano, na nne unaweza kuzizungusha kichwani bila shida. Kisha jifunze maneno ya herufi mbili. Orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano ya Kiingereza sehemu kubwa ya dunia nje ya Amerika ya Kaskazini, ilifikisha maneno 127 ya namna hiyo mwaka 2019. Ni machache kuliko majina ya watu uliowahifadhi kwenye simu. AA, KA, XU, ZA, QI: hayo ndiyo yanayokuwezesha kulaza neno lako sambamba na la mwenzako na kuvuna pande mbili. Q ikikaa kwenye kisanduku kinachozidisha herufi mara tatu, ikasomeka QI kwa ulalo na QI kwa wima, umepata pointi 62 kwa neno la herufi mbili.

Hiyo Q inastahili tukae nayo kidogo. Anayeijua kwa mazoea ya Kiingereza cha darasani huiona ni mzigo, maana amefundishwa kwamba Q haitembei bila U, na U zote ni nne tu mfukoni. Lakini orodha ina maneno mengi yenye Q isiyo na U, na mengi kati yake yametoka Uarabuni. Tazama: QADI, WAQF, TALAQ, NIQAB, QIBLA, FAQIR. Mtu wa Mombasa, Unguja au Ujiji anayasoma haya na kuona kadhi, wakfu, talaka, nikabu, kibla na fakiri. Mzungumzaji wa Kiingereza wa Ohio itambidi ayakariri kama namba za simu. Kijana aliyepita madrasa anahitaji kukumbuka jambo moja tu, kwamba Kiarabu kina qaf na Kiingereza kimeamua kuiandika Q. Ongeza QAT, ambayo ni mirungi, na QANAT, mifereji ya maji ya chini ya ardhi ya Iran ambayo wenzetu wa Oman wana ndugu yake waitayo falaj, na Q imekoma kuwa mzigo.

Na si Kiarabu pekee. Kiswahili chenyewe kimo ndani ya orodha ya Collins, na kimo kwa heshima. SAFARI, BWANA na ASKARI walitangulia zamani. Lakini wamo pia UHURU, UJAMAA, HARAMBEE, WANANCHI, MATATU, UGALI, DUKA, POMBE, NGOMA, MZEE na MWALIMU. Uzito wao kwenye mchezo ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kiingereza hakina maneno mengi ya kukusaidia unapokuwa umejaziwa irabu mkononi, nacho Kiswahili ni lugha ya irabu. UJAMAA inakuondolea A tatu na U moja kwa mkupuo na kukupa pointi 15, kwa sababu ya ile J. MZEE nayo ni 15, kwa herufi nne tu. Na mtu akifungua mchezo kwa MWALIMU, herufi zote saba, anapata 14 za neno, zinazidishwa mara mbili kwa kuwa neno la kwanza hupita kwenye nyota ya katikati, kisha 50 za bonasi: hazipungui 78 kabla mpinzani hajagusa kigae. Ningependa kila klabu ya Scrabble katika shule zetu ianze na ukurasa huo. Mwanafunzi aone kwamba sehemu ya Kiingereza anachokiogopa ni mali ya nyumbani kwao iliyosafiri na kurudi.

Najua kuna walimu wa Kiingereza wasioupenda mtindo huu. Wanasema kukariri maneno bila kujua maana ni kasuku, na kwamba mtoto aambiwe asome vitabu. Wana hoja, na mimi pia nataka watoto wasome vitabu. Ila wauangalie mchezo kwa jinsi ulivyo. Katika mashindano, mpinzani akilitilia shaka neno lako, mnasimamisha saa, mnakwenda kwenye kompyuta, mnaliandika, nayo inajibu kwamba uchezaji huo umekubalika au haukubaliki. Maana haisemi. Haiwaulizi kama mnaijua. Kinachopimwa pale ni kama mpangilio huo wa herufi umo kwenye orodha, na orodha hiyo yenye maneno karibu 280,000 hakuna Mwingereza aliyezaliwa nayo.

Aliyethibitisha hilo kuliko wote ni Nigel Richards, mtu wa New Zealand anayeishi Malaysia. Ametwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza mara kadhaa, ya kwanza mwaka 2007 mjini Mumbai. Mwaka 2015 aliamua kushiriki mashindano ya dunia ya Kifaransa nchini Ubelgiji. Kifaransa hakijui. Alikaa wiki kama tisa akiisoma orodha ya maneno ya Kifaransa, iliyokuwa na zaidi ya maneno 370,000 yakiwamo yale ya vitenzi vilivyonyambuliwa, kisha akaenda na kushinda, akimwangusha kwenye fainali mchezaji wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndiyo lugha yake rasmi. Mwaka 2024 akafanya hivyo tena kwa Kihispania, mjini Granada, naye hakiongei Kihispania. Wathailand walikuwa wameshaionyesha dunia njia hiyo: Panupol Sujjayakorn aliutwaa ubingwa wa Kiingereza mwaka 2003 huko Kuala Lumpur, na Pakorn Nemitrmansuk mwaka 2009, wote wakitoka katika nchi ambayo Kiingereza hakikuwahi kuwa lugha ya utawala.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi sisi Waafrika ni cha Perth, Australia, Novemba 2015. Wellington Jighere wa Nigeria alifika fainali dhidi ya Lewis Mackay wa Uingereza. Kwa miaka mingi imani ya mabingwa ilikuwa kwamba ushindi uko kwenye maneno marefu: tafuta herufi saba, nane, chukua zile 50, mmalize mtu. Wanigeria walikuwa wamekaa na hesabu zao wakaona jambo jingine. Neno refu linafungua ubao. Linampa mpinzani sehemu za kupachika, linakuacha na mkono mpya usioujua, na mara nyingi linakulazimisha utumie herufi nzuri ambazo ungeweza kuzitunza. Wao wakayapa uzito mkubwa maneno ya herufi nne na tano, yale ambayo wachezaji wengi huyaruka wakikimbilia marefu, wakayatumia kufunga njia na kulinda herufi zao. Katika fainali Jighere aliweka FELTY na kupata pointi 36. Neno fupi tu, la kitu chenye hali ya sufi iliyoshindiliwa, lakini kila herufi ilikuwa imekaa mahali pake. Alishinda michezo minne mfululizo, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Rais Muhammadu Buhari alimpigia simu kumpongeza.

Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na mambo ya kawaida yanayohitaji fedha na uvumilivu: makocha, klabu, mashindano ya majimbo, na serikali inayoutambua mchezo huu kama michezo mingine. Kenya na Uganda zimekuwa na wachezaji kwenye mashindano ya bara, na hapo nasema bila kusita kwamba kinachotutenganisha na Nigeria ni kambi na ratiba. Ubao mmoja wa Scrabble hudumu miaka. Hauhitaji uwanja, nyasi wala viatu. Shule inayoweza kununua mpira wa miguu kila muhula inaweza kununua ubao.

Siku hizi lakini watu wengi hawakutani na michezo ya maneno kwenye ubao. Wanakutana nayo kwenye simu. Wordle, aliyoitengeneza Josh Wardle kwa ajili ya mwenzi wake na kuitoa kwa umma mwaka 2021, ilinunuliwa na The New York Times mwanzoni mwa 2022, na kila siku watu wa mabara yote hutafuta neno lile lile moja la herufi tano kwa nafasi sita. Hapo kutafuta kunabadilika sura. Hushiki tena vigae, unashika habari. Unajua kuna A lakini haipo mwanzoni, unajua hakuna E, unajua ya mwisho ni T. Ugonjwa wa wengi ni kukimbilia kubahatisha. Mtu akishapata kwamba neno linaishia na IGHT, anaanza kujaribu LIGHT, halafu NIGHT, halafu FIGHT, na nafasi zinakwisha, wakati bado kuna MIGHT, SIGHT, RIGHT, TIGHT na EIGHT. Aliyetulia anatoa nafasi moja sadaka. Anaandika FILMS, neno ambalo haliwezi kuwa jibu, na kwa pigo hilo moja amepima F, L, M na S zote.

Na hizo programu za kutafutia maneno, ambazo unaziandikia herufi zako na zinakuletea orodha nzima kwa kufumba na kufumbua? Kuzitumia katikati ya mchezo na mtu aliyekaa mbele yako ni wizi, na mashindano yote yamezipiga marufuku. Baada ya mchezo ni mwalimu asiye na mfano. Andika herufi ulizokuwa nazo kwenye mkono uliokushinda, uone ni nini ulichokuwa umeshika bila kujua. Wachezaji wa mashindano hupitia michezo yao hivyo, mkono kwa mkono, na programu kama Zyzzyva zilitengenezwa mahususi kwa kujifunzia mafungu ya herufi. Mwanafunzi anayefanya hivyo kwa nusu saa kwa wiki ataongeza maneno mengi kuliko anayelipia kozi.

Nikiwa nimesema yote hayo kuhusu Kiingereza, nina kiu ya jambo jingine. Butts alikaa na magazeti ya New York akahesabu herufi za lugha yake. Nani atakaa na gazeti la Mwananchi au Taifa Leo ahesabu zetu? Vigae vya Kiingereza havifai kuchezea Kiswahili. Mtu akijaribu, Q na X zitabaki mkononi hadi mwisho, na A zitaisha mapema mno. Ubao wa Kiswahili utataka A kwa wingi, na K, W na M za kutosha, kwa kuwa hizo ndizo zinazobeba viambishi vyetu. Kutakuwa na maamuzi magumu, na ningependa kuwasikia wataalamu wa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wakibishana juu yake. Je, CH iwe kigae kimoja? Kihispania kina seti zenye kigae cha CH na cha LL, na Scrabble ya Kiwelishi ina cha NG na cha DD, kwa hiyo si jambo geni. Na NG' ya *ng'ombe*, itenganishwe na NG ya *ngano*, au apostrofi iachwe nje ya ubao? Halafu vitenzi. Lugha inayoweza kusema *tutakapowaona* kwa neno moja, herufi 13 ndani ya safu ya visanduku 15, itabidi iamue mapema ni minyambuliko ipi inaruhusiwa na ipi haifiki mezani. Tukishaamua, kazi ya kuhesabu ni ya wiki chache kwa kompyuta ya kawaida na mtu mmoja mwenye subira.